Picha ya rada imekuwa tupu: anga ni jeupe au mtambo umezimwa?

Novemba moja mzee wa Tandahimba alinipigia simu alfajiri. Alikuwa na korosho za siku tatu hazijaingia kwenye magunia, na mke wake alikuwa tayari na majamvi uani. Baada ya shikamoo na marahaba akauliza, "Mwanangu, hebu iangalie hiyo rada yako. Nianike au nifunike?"

Nikafungua kwenye simu picha ya rada ya hali ya hewa ya Mtwara, ramani inayopakwa rangi penye mvua. Ramani safi, hakuna hata doa la kijani. Nikamwambia, "Anika, baba."

Saa tano mvua ikamkuta shambani. Walipofika nyumbani korosho zinaogelea, na unajua mwenyewe korosho iliyolowa inavyopokelewa ghalani: ganda limeiva weusi, mpimaji anaigeuza mara mbili, halafu anaitupa kwenye lundo la daraja la pili. Jioni nikairudia picha ile kwa utulivu. Chini pembeni, kwa herufi ndogo kama chawa, paliandikwa tarehe ya jana. Rada ilikuwa imezimwa tangu usiku, nami nikausoma ukimya wake kama habari njema.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuuliza maswali kabla ya kujibu simu za watu. Yafuatayo ndiyo maswali yenyewe, kwa kufuata dalili unazoziona kwenye skrini.

Kabla ya dalili yoyote: picha ni ya saa ngapi?

Nusu ya "matatizo ya rada" ninayoletewa huishia hapa. Picha nyingi za hali ya hewa hupigwa muhuri wa saa ya dunia, ile inayoandikwa UTC au herufi Z, na saa hiyo iko nyuma ya yetu kwa saa tatu. Picha yenye 0915 ilichukuliwa saa sita na robo mchana hapa Mtwara. Mtu anaitazama saa sita na nusu, anaona tisa na kitu, anasema mtambo umelala tangu asubuhi. Haujalala.

Sisi tuna mtego wa ziada ambao wenzetu wa nchi nyingi hawana, kwa kuwa saa yetu ya mdomoni inaanza kuhesabu alfajiri. Watu husikia "ongeza tatu", wanaongeza, 0900 inakuwa 12, kisha wanasoma "saa kumi na mbili". Hapo umeshamtoa mtu mchana ukampeleka magharibi. Ukitaka saa ya Kiswahili moja kwa moja, usiongeze, toa tatu. 0900 toa tatu ni saa sita mchana. 0600 toa tatu ni saa tatu asubuhi. 1500 toa tatu ni saa kumi na mbili jioni. Ikizidi kumi na mbili, punguza kumi na mbili: 1800 inakupa kumi na tano, yaani saa tatu usiku. Niliibandika hesabu hii nyuma ya simu kwa karatasi ya gundi, na sioni aibu.

Ukishapata saa sahihi, linganisha na saa ya ukutani. Rada hupandisha na kushusha pembe ya dishi ikizunguka, na mzunguko kamili huchukua kama dakika tano hadi kumi, wakati mwingine zaidi kidogo. Picha iliyochelewa dakika ishirini ni ya kawaida. Iliyochelewa saa nzima si ya kuamulia kuanika wala kushusha mashua. Iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp bila saa kabisa, mimi huifuta.

Saa iko sawa, lakini ramani haina kitu

Hapa ndipo penye kazi, maana rada iliyokosa mvua ya kuona na rada iliyofumba macho hutoa picha zinazofanana.

Angalia kwanza rangi ya mandhari. Mifumo mingi hutofautisha "hakuna mvua" na "hakuna taarifa": sehemu isiyo na taarifa hupakwa kijivu au huwekewa kivuli, na duara la upeo wa rada hutoweka. Soma ufunguo wa rangi ulio pembeni. Watu wengi huijua nyekundu na kijani tu, kijivu hawajawahi kukiuliza.

Kisha kuza ramani hadi karibu na mtambo wenyewe. Rada iliyo hai mara chache huwa safi kabisa katika kilomita chache za mwanzo. Kuna minara, mapaa, miti, meli iliyotia nanga, na jioni kuna ndege na wadudu. Vichujio vya kompyuta hufuta sehemu kubwa ya uchafu huo, lakini vijidoa vinavyotokea na kupotea ni dalili njema, kama pumzi ya mtu aliyelala. Ukikuta kila picha ya saa nzima haina hata kijidoa kimoja, shuku.

Halafu toka nje. Ukiona wingu limesimama upande wa Msimbati kama ukuta na tumbo lake limekuwa rangi ya wino, na picha inasema kweupe, usibishane na wingu.

Picha haifunguki, au imeganda

Mara nyingi tatizo liko mkononi mwako. Kifurushi kimekwisha, au kivinjari kinakupa picha ya zamani kilichoihifadhi ili kupunguza matumizi ya data. Funga ukurasa, uufungue upya, au ufungue kwenye simu ya jirani. Jirani akiona picha mpya, rada haina kosa.

Jirani naye akiona kilekile, bado usiseme rada imekufa. Kati ya dishi na simu yako kuna njia ndefu: kompyuta ya pale kituoni, waya au mnara unaosafirisha data, seva ya makao makuu, kisha ndiyo mtandao wa simu. Kiungo kimoja kikikatika, rada huendelea kuzunguka na kuona mvua vizuri kabisa, ila habari zake haziendi popote. Mei 2024, siku chache baada ya Kimbunga Hidaya, nyaya za intaneti zilizo chini ya bahari zilikatika na mtandao ukadhoofika nchi nzima. Ukikosa picha wakati kama huo, na WhatsApp nayo inasuasua, sababu unayo.

Kuna tangazo: rada haitapatikana kwa matengenezo

Watu hukasirika sana hapa. "Kwa nini wazime kitu tunachokihitaji?" Ukijua kilichomo ndani ya lile kuba jeupe linalofunika dishi la rada, hasira hupungua.

Rada hurusha mpigo wa mawimbi ya maikrowevu, ikanyamaza, ikasikiliza mwangwi. Mwangwi wa tone la mvua lililo kilomita 150 hurudi katika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kinachorudi ni kidogo mno, na kompyuta inapaswa kukadiria kutokana na hicho kidogo ni mvua kiasi gani inanyesha. Kipimo kikipotoka kwa desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha nguvu ya mwangwi) kwenda chini, mvua ya milimita 30 kwa saa itaonekana kama ya 20 hivi. Skrini haitaonyesha kosa lolote. Rangi zitakuwa nzuri, mistari imetulia, na wewe utakuwa unadanganywa kwa theluthi nzima. Ndiyo maana mafundi huisimamisha rada inayofanya kazi, wakaipima na kuisawazisha. Binafsi naona afadhali rada iliyozimwa na tangazo likatolewa kuliko inayotembea ikisema uongo kwa sauti ya kujiamini.

Sababu ya pili ni chuma. Dishi zito huzunguka usiku na mchana, wiki hadi wiki. Lina mota, gia, beringi na grisi kama mashine ya kusaga, na vyote huisha. Hakuna fundi anayeweza kupanda ndani ya kuba dishi likizunguka, tena mtambo ukirusha mawimbi na ndani kuna umeme wa volti maelfu. Lazima izimwe. Kifaa kinachozalisha mawimbi nacho kina umri. Kikibadilishwa, hesabu zote za usawazishaji zinaanza upya, ndiyo maana kazi ya kubadilisha kitu kimoja inaweza kula siku kadhaa.

Ya tatu tunaijua sote tunaoishi pwani: chumvi. Angalia bati la nyumba iliyo karibu na ufukwe wa Shangani lilivyo, ulinganishe na bati la umri huohuo la Newala, mbali na bahari. Upepo ule ule unaokula misumari yako unalamba maungio ya kuba, boliti za ngazi na feni ya kiyoyozi. Kiyoyozi hasa. Chumba cha mitambo ya rada kikipata joto, mtambo hujizima wenyewe kujilinda, na watu mtaani wanasema "kuna hujuma", kumbe ni kiyoyozi kilichoziba.

Tangazo likisema siku tatu na ikawa wiki, nalo lisikushangaze. "Hadi" kwenye tangazo la matengenezo ni makadirio. Ukiwafungulia mafundi boksi la gia wanaweza kukuta jingine, na kipuri cha rada hakiuzwi sokoni. Marekani, wenye rada zipatazo 160 katika mtandao wao wa taifa, nyingi zikiwa zimefungwa miaka ya 1990, walipofika kukarabati kitako cha dishi kila kituo kilizimwa kwa takriban wiki mbili. Kreni iliondoa kuba, ikashusha dishi, vyuma vikabadilishwa, vikarudishwa. Huo ndio muda wa kazi kubwa hata kwa wenye fedha.

Tofauti ni kwamba wao, rada moja ikizimwa, za jirani huziba sehemu ya pengo. Huku kusini hesabu ni ngumu. Kutoka Dar es Salaam hadi Lindi ni kama kilomita 350 kwa mstari ulionyooka. Mwali wa rada, yaani mawimbi inayorusha, huenda karibu na mnyoofu ilhali dunia imejikunja chini yake, hivyo kadiri unavyokwenda mbali ndivyo unavyopaa. Mwali ulioinuliwa nusu digrii unapofika Lindi ukitokea Dar es Salaam uko juu kama kilomita kumi. Huko utaona vichwa vya mawingu makubwa ya radi tu. Mvua ya kawaida inanyesha chini yake bila kuguswa. Kwa hiyo rada ya Mtwara ikizimwa, usijidanganye kwamba ya Dar es Salaam "inatuona".

Kipande kimekatika, au kuna mistari

Pengo lenye umbo la kipande cha chungwa, lililo upande uleule kila siku, mwaka mzima, ni kizuizi: kilima, mnara au jengo limeziba mwali. Hakuna matengenezo ya kulisubiri; lizoee tu, na usiwape watu wa upande huo majibu ya uhakika. Pengo hilo likitokea ghafla jana wakati juzi halikuwapo, hilo ni la mafundi.

Mstari mmoja mwembamba unaotoka katikati kwenda mashariki baharini mnamo saa kumi na mbili asubuhi, na mwingine kwenda magharibi jioni, ni jua. Rada inalitazama jua usoni linapochomoza na kuchwa, na jua nalo linatoa mawimbi. Dakika chache linapita. Mafundi hulitumia jua hilohilo kuhakikisha dishi linatazama linakodai kutazama.

Mistari ya namna hiyo ikibaki mchana kutwa, upande uleule, mara nyingi ni mwingiliano wa mawimbi. Rada zinazotumia urefu wa wimbi wa kama sentimita 5 hupakana na masafa ya Wi-Fi ya gigahezi 5, na kifaa kimoja cha mtandao kilichofungwa juu ya paa bila mpangilio kinaweza kuchora mstari wa kilomita mia.

Na duara tupu katikati kabisa, penye mtambo? Hiyo ni kawaida. Dishi haliinuki hadi utosini, kwa hiyo rada haioni kilicho moja kwa moja juu ya kichwa chake.

Rada inasema mvua, kwetu kukavu. Au kinyume chake

Dalili hii ndiyo inayoivunjia rada heshima vijijini, na karibu kila mara mtambo hauna tatizo.

Chukua umbali. Kwa mwali wa nusu digrii kutoka Mtwara, juu ya Lindi mjini, kilomita 60 hivi, unapita kwenye mita 700. Masasi, kilomita 160, uko karibu kilomita tatu. Liwale, kama kilomita 250, unakaribia kilomita sita. Sasa mvua nyingi za kwetu hutoka kwenye mawingu mafupi. Mtu wa Liwale analowa, rada inapita juu ya wingu lake kama ndege ipitayo juu ya mwembe. Kwa hiyo ramani safi ikimaanisha kitu kwa mtu wa Mikindani, kwa mtu wa Liwale inamaanisha kidogo sana.

Kinyume chake, mvua inaweza kuonekana juu na isifike chini, kwa kuwa inakaushwa njiani na hewa kavu. Utaona hili mwanzoni mwa msimu, Oktoba na Novemba: rangi ya kijani juu ya kijiji, watu wanafunika korosho, halinyeshi hata tone.

Baharini kuna kiini macho kingine. Usiku mtulivu, hewa yenye joto na ukavu ikilala juu ya hewa yenye unyevu, mwali hupindishwa chini ukagonga maji na kurudi. Skrini inajaa "mvua" upande wa bahari. Icheze picha ya saa nzima: mvua ya kweli husafiri, inakua, inakufa. Ile iliyokaa palepale ikimetameta ni mawimbi ya bahari.

Na pale mvua kubwa inaponyesha juu ya kituo chenyewe, kuba likilowa na mwali ukinyonywa na maji, vilivyo nyuma ya mvua hiyo huonekana hafifu kuliko vilivyo. Nahodha aliyeko ng'ambo ya ukuta wa mvua asifurahie rangi ya kijani.

Imewashwa tena, lakini rangi si zile

Baada ya kusawazishwa au kuwekewa programu mpya, mvua unayoijua kuwa ya njano inaweza kuonekana nyekundu. Huenda zamani ndiyo rada ilikuwa inaipunguza. Kama una chupa ya kupimia mvua, linganisha kwa mvua tatu nne kabla ya kulalamika. Kompyuta zilizobadilishwa zinaweza pia kubadili mtindo wa kuandika saa, kwa hiyo rudi kule juu kwenye swali la kwanza.

Wakati mtambo umezimwa, utatumia nini

Setilaiti. Kuna setilaiti ya Meteosat iliyosimama juu ya Bahari ya Hindi, na picha zake huja kila dakika kumi na tano. Haikuonyeshi mvua, inakuonyesha vilele vya mawingu. Kilele cheupe sana kinachotanuka haraka ni wingu la radi. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hausimami kwa sababu rada imesimama. Soma neno lililotumika: angalizo ni njano, tahadhari ni chungwa, tahadhari kubwa ni nyekundu. Kwa vimbunga, kituo cha hali ya hewa cha kisiwa cha Réunion ndicho kinachofuatilia eneo letu lote la bahari, na hakitegemei rada yetu.

Nitaongeza jambo moja kuhusu tarehe. Busara inasema kazi kubwa kwenye rada ifanyike kiangazi, kusi likivuma, Juni hadi Septemba. Lakini kuna watu hudhani ikifika mwisho wa Aprili hatari imeshapita. Tazama orodha: kimbunga kilichoipiga Lindi mwaka 1952 kilikuja Aprili. Kenneth, kilichotufanya tuhame nyumba za pwani ya Mtwara kabla hakijaangukia Msumbiji, kilikuwa Aprili 25, 2019. Jobo, Aprili 2021. Hidaya, kilichoandamana na mvua zilizokata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi pale Somanga, kilifika Mei 4, 2024. Vyote mkiani mwa msimu. Rada ikizimwa wiki hizo, picha ya setilaiti ifunguliwe asubuhi na jioni, na mashua zisiende mbali kwa kutegemea ramani tupu.

Kwenye kundi letu la wavuvi na wakulima sasa, rada ikizimika, mimi hutuma ujumbe wa namna hii na kufuta picha zote za nyuma zisije zikasambazwa:

"Rada haionyeshi tangu saa mbili asubuhi. Picha ya mwisho ni ya saa 1:50, msiitumie. Setilaiti ya saa 2:30 ina wingu kubwa baharini mashariki ya Msimbati, linaongezeka. Leo hakuna wa kuwaambia mvua iko umbali gani. Wenye korosho juani, turubai liwe karibu."